Machozi ya Dawa ya Macho

Tarehe 4 Februari

Mwanangu Cheche,

Nakuandikia asubuhi hii kabla chai haijapoa. Mimi mzima. Masikio yamekufa vilevile na hayana mpango wa kufufuka. Magoti yanalalamika kutwa, lakini kwa kuwa siyasikii, tunaishi kwa amani.

Bweni letu la wanaume bado linavuja. Mvua ikinyesha tunasukuma vitanda huku na huko kama watoto wanaocheza treni, kila mtu anatafuta pakavu. Yule mwalimu mstaafu wa kitanda cha jirani huketi na beseni mapajani akiitazama dari kana kwamba imemtukana.

Habari mpya ni kwamba tumeletewa msichana. Mlezi wa zamu aliniandikia kwenye ubao wangu wa chaki: "Huyu kazi yake ni kutuombea." Nikafurahi, nikavua kofia, nikainamisha kichwa nikisubiri sala. Msichana akaduwaa. Kumbe ni wa kuomba pesa! Anaomba kwenye simu, kwa watu asiowajua na wasiotujua. Nikamuuliza kama aliwahi kuifanya kazi hiyo huko alikotoka, akaandika: "Hapana, Babu, ndiyo naanza." Simu ya ofisi huishika kwa mikono miwili kama yai. Nimempenda kidogo. Ila kazi yenyewe inanikereketa rohoni. Miaka yote niliyogonga mabati ya boila mpaka masikio yakaniaga, sikuwahi kumnyooshea mtu mkono.

Anataka kutupiga picha. Nimemwambia akuulize wewe kwanza, maana sura hii ni mali ya familia.

Umeshapanda juu ya hilo daraja mnalojenga? Jihadhari. Na ule vizuri, usinijie mwisho wa mwezi umekonda kama waya wa kuchomelea.

Baba yako

*

Tarehe 9 Februari

Kwa Mlezi wa Mzee wa Kitanda cha Dirishani,

YAH: OMBI LA KIBALI CHA PICHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni afisa mpya wa uchangishaji wa makao haya. Makao yamefungua ukurasa katika mitandao ya kijamii kwa lengo la kupata wafadhili wa kukarabati paa la bweni la wanaume. Tunaomba ridhaa yako ya kupiga na kusambaza picha na video za mzazi wako. Tafadhali weka sahihi kwenye karatasi iliyoambatishwa na kuirudisha.

Dada, samahani. Hayo ya juu nimeyanakili kwenye jalada la ofisi, na nikiyasoma naona yameandikwa na mtu aliyevaa tai. Ngoja niseme kwa mdomo wangu. Nilipata kazi hii kwa sababu kwenye usaili nilisema nina ukurasa wangu. Ukurasa wenyewe una picha za harusi za rafiki zangu na paka wa jirani. Mama Mkurugenzi akanikabidhi simu na kuniambia, "Washa moto." Basi najifunza usiku na mchana: posti mapema watu wakiwa njiani kwenda kazini, maneno yawe machache, jibu kila komenti, mtu akitoa hata kidogo mshukuru siku hiyohiyo. Mpaka sasa wafuasi wetu ni wafanyakazi wa hapahapa na mama yangu mzazi.

Wazee wengi wakiiona simu wanageuza nyuso. Baba yako peke yake ndiye huitazama kama anayetaka kuifungua aone ndani kuna nini. Ukikubali, nitamtunza.

Wako mtiifu,
Afisa Uchangishaji

*

Tarehe 16 Februari

Dada Afisa,

Umeniita mlezi wa baba yangu. Akijua hilo atakukimbiza na fimbo. Mimi ni binti yake tu, na bado ananikaripia kwa barua kama nina miaka saba.

Sahihi nimeweka. Mpige picha, lakini sikiliza masharti yangu. Avae koti lake la kahawia na kofia. Akae kitini, si kitandani. Usimpige akiwa anakula, maana meno yake yanamsumbua na hapendi kutazamwa. Na andika ukweli: kwamba alikuwa fundi wa boila, kwamba mvuke wa nusu ya viwanda vya mji wetu ulipita mikononi mwake, na kwamba alikuja hapo kwa miguu yake. Mimi sikumpeleka. Nililia, nikaficha sanduku lake, akalipata.

Kuhusu paa, mimi mwenyewe ningepanda kulichomelea, lakini ni la vigae, na vigae havichomelewi. Huku tumefika katikati ya mto. Nafanya kazi nikining'inia, chini yangu maji, juu yangu jua, na mshika kamba wangu anaimba nyimbo mbaya siku nzima. Ni raha.

Nakutakia wafuasi wengi kuliko mama yako.

Cheche

*

Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Mambo ya hapa yamebadilika mpaka nashindwa kujua kama niko makaoni au dukani.

Msichana wa simu alinipiga picha nikiwa na koti na kofia, kama ulivyoagiza. Nikatoka vizuri, nafanana na marehemu babu yako siku alipokwenda kudai mafao. Akaandika habari za boila. Hakuna aliyetoa kitu. Akapiga picha ya paa. Wapi! Akapiga ya mwalimu na beseni lake, wakacheka watu wachache. Mkurugenzi akamwita ofisini, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Halafu siku moja akanikuta mlezi ananitia dawa ya macho, ile inayochoma kama pilipili. Akaandika kuwa anataka kumwonyesha mlezi akifanya kazi yake. Nikamwachia. Nani anataka kumwona mzee akitiwa dawa, sijui, lakini kama inampunguzia fokafoka, haya.

Tangu hapo, Cheche, wageni hawakauki. Wanakuja kwa magari. Wanaingia bwenini bila kubisha hodi, ati kwa sababu sisikii. Mmoja alinilisha keki. Nina mikono miwili, inashika kalamu, inashika shoka, yeye ananilisha kama kifaranga. Rafiki yake akapiga picha, picha ikatoka na ukungu, akanilisha tena. Ikatoka vizuri, lakini yeye mwenyewe alikuwa amefumba macho. Akanilisha mara ya tatu! Nikaitema. Krimu ikamdondokea kwenye kiatu, na hilo hawakulipiga picha.

Wengine hunishika mashavu. Mikono yao inanukia mafuta ya duka. Wakiondoka hunawa na dawa pale mlangoni, mbele yangu. Kinyaa ninachokisikia siwezi kukieleza kwenye karatasi safi kama hii.

Lakini mafundi wamekuja, na vigae vipya vimeshushwa uani. Tutalala pakavu.

Nakusubiri mwisho wa mwezi. Ndevu zimeota hovyo.

Baba yako

*

Tarehe 10 Machi

Shikamoo Baba,

Nimefurahi kusikia habari za paa. Mimi mzima. Kazi ni nyingi na likizo zimesitishwa kwa sasa, kwa hiyo mwisho wa mwezi huu sitaweza kuja. Mwambie mlezi akunyoe, usikatae.

Kamba nafunga vizuri.

Cheche

*

Tarehe 10 Machi

Wewe Afisa,

Sina salamu za kukupa.

Nimeiona. Kila mtu hapa kambini ameiona. Mpishi alinionyesha, akaweka simu juu ya meza karibu na sahani yangu na kusimama pembeni aone nitafanya uso gani. Baba yangu yuko kitandani. Hana koti wala kofia. Machozi yanamtiririka, muziki wa msiba unapiga, na juu ya kichwa chake picha yangu ukutani, nimevua barakoa ya kuchomelea, nacheka. Mmeisogeza karibu. Mmeizungushia duara jekundu. Na maneno: "Alimlea peke yake. Leo binti ana kazi, ana mshahara, ana afya. Baba analia kila siku akimngoja. Usimtupe kama alivyomtupa yeye."

Nimesoma komenti. Nilianza nikashindwa kuacha, kama mtu anayebonyeza jipu. Kuna anayeniombea tumbo langu likauke. Kuna anayetaka namba yangu ya simu ili anitukane kwa sauti. Kuna aliyeandika, "Huyu mzee analia vizuri jamani, nimeirudia mara kumi." Analia vizuri! Kama mtu anayesifia mchuzi.

Juzi nilikuta barakoa yangu imeandikwa kwa chokaa: MTUPA BABA. Nikaifuta. Jana mshika kamba wangu, yule mwimbaji, alimwambia msimamizi kuwa hawezi kumshikia kamba mtu wa namna hiyo, mkono wake unakataa. Nimesimama mbele yake nikamwambia, "Ndugu yangu, unanijua mimi." Akatazama mto. Wengine wote wakatazama mto. Msimamizi amenishusha. Sasa nakata nondo chini na kuwatazama wenzangu wakining'inia.

Nilikuandikia masharti yangu kwa mkono wangu. Uliyasoma? Nasikia kinyaa hata kuigusa kalamu niliyokuandikia siku ile.

Baba hajui. Nimemwambia likizo zimesitishwa. Ukweli ni kwamba nikija hapo na mmoja wa wageni wenu akanitambua mbele yake, sitajibu kwa mdomo. Usimwambie. Ifute hiyo video na usimwambie.

Cheche

*

Tarehe 17 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma chooni, kwa sababu ndiko pekee ofisini kwenye mlango unaofungwa.

Masharti yako niliyasoma. Niliyabandika mezani. Video niliyoipiga mimi ilikuwa ya mlezi: mkono wake, chupa ya dawa, baba yako anamtania kuwa ametiwa pilipili. Mwishoni wanacheka wote wawili. Mama Mkurugenzi akaiomba. Akakata mwanzo, ukaondoka mkono na chupa. Akakata mwisho, kikaondoka kicheko. Yakabaki machozi. Muziki aliuweka yeye, maneno aliyaandika yeye. Halafu akanirudishia simu na kusema, "Posti."

Nikamwambia, "Lakini binti yake huja kila mwezi." Akasema, "Mtandaoni hakuna kila mwezi, kuna leo. Unataka walale pakavu au hutaki?"

Nikaposti. Kidole ni changu, dada, siwezi kumsingizia mtu.

Pesa zikaanza kuingia kama bomba lililopasuka. Kwenye kikao walinipigia makofi, nikaletewa soda. Mkurugenzi akasema nina kipaji. Ile soda nimeinywa na bado naisikia kooni. Kila jioni naifuta simu kwa spiriti, kana kwamba uchafu uko kwenye kioo.

Nimeomba tuifute. Amekataa. Amefungua droo akanionyesha karatasi yako: sahihi ipo, sheria iko upande wake. Na sasa anataka ya pili. Amenituma nimtafute bibi mmoja bweni la wanawake ambaye "machozi yake yako karibu". Hivyo ndivyo alivyosema. Nilimkuta bibi mwenyewe anafuma soksi, akanikaribisha kitandani pake, akanipa peremende. Nikarudi ofisini nikadanganya kuwa amelala.

Sitamwambia baba yako. Lakini tangu aisome ile fupi uliyomwandikia, kila siku ananiuliza kama nyingine imefika, na mimi kila siku naandika "bado" kwenye ubao wake.

Afisa (sijui niandike nini tena)

*

Tarehe 23 Machi

Mwanangu Cheche,

Barua yako ilikuwa fupi kama tangazo la kukatika maji. Nimeisoma tena na tena nikitafuta mahali ulipojificha. Sijakuona.

Kama nimekukosea, sema. Labda ni ile keki. Labda umeona aibu kwamba nilimtemea mgeni krimu. Au labda umepata mtu huko na hutaki ajue una baba kiziwi. Kama ni hivyo pia sema, nitacheka na yataisha. Lakini usiniandikie kama karani.

Paa limekwisha. Juzi mvua ilinyesha na hakuna kitanda kilichosogezwa. Mwalimu alilikumbatia beseni lake kwa mazoea tu.

Jana alikuja mama mmoja mnene, mwenye marashi ya kuua mbu. Alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka, akalia begani kwangu, shati likalowa. Akachukua ubao akaandika kwa herufi kubwa: MUNGU ATAMLIPA BINTI YAKO KWA YOTE ALIYOKUFANYIA. Nikafurahi sana, nikajua umetajwa mahali kwa wema. Nikamjibu, "Amina, mama! Alipwe mara mbili, maana amenifanyia mengi!" Basi akalia zaidi, akanibusu mkono, akamgeukia mwenzake na kutikisa kichwa. Mwalimu pale kitandani kwake alikuwa ameziba uso na gazeti. Nilimuuliza kulikoni, akaniandikia kuwa ana mafua.

Watu wa siku hizi wana machozi ya karibu kweli. Ila yule angalau alikusifu wewe.

Ukiweza, njoo. Ukishindwa, andika, lakini andika wewe.

Baba yako

*

Tarehe 28 Machi

Dada Cheche,

Nimevunja ahadi. Nisikilize kabla hujaichana karatasi.

Baba yako alinikabidhi barua ya tarehe ishirini na tatu niitume. Kabla ya kuifunga akataka kunisomea ile habari ya mama wa marashi, na unajua anavyosoma: uani kote walisikia. Akasoma "alipwe mara mbili" huku anacheka. Mlezi akaondoka. Mwalimu akageukia ukutani. Mimi nikakaa chini sakafuni.

Akaniuliza, "Nani amekufa?"

Nikatoa simu nikamwonyesha.

Hasikii muziki, kwa hiyo aliona picha na maneno tu. Aliyasoma polepole, mdomo unatembea. Akaomba aone tena. Kisha akasema, "Mimi sikulia. Hiyo ni dawa." Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Binti yangu ameiona?" Nikakubali. Akaigeukia ile picha yako ukutani.

Halafu akasema, "Kwa hiyo yule mama alikuwa anamlaani mwanangu, na mimi nikaitikia amina."

Dada, sijawahi kuona uso wa mtu ukichukia vile. Akainuka, akaipangusa ile sehemu ya bega alipoliliwa, akaipangusa tena na tena. Akavaa koti la kahawia, akavaa kofia. Akaniamuru, "Washa hicho kitu. Washa waone wote."

Mkurugenzi alikuwa mjini kwa wafadhili. Nikawasha laivu. Alisimama uani akapiga kelele kama yuko kiwandani. Nimeyakumbuka maneno yake yote:

"Mimi sijatupwa na mtu! Nilianguka mlangoni kwangu nikalala chini kutwa nzima, jirani anagonga, mimi sisikii. Nikamwambia binti yangu, mimi nakwenda kukaa penye watu. Akakataa. Tukagombana, nikabeba sanduku langu mwenyewe nikaja. Kila mwezi anakuja. Ananinyoa ndevu, ananikata kucha za miguu. Nyinyi mnaomtukana, nani kati yenu amewahi kumkata baba yake kucha za miguu? Paa likivuja, semeni paa linavuja! Kwani hilo peke yake halitoshi? Lazima mpewe na mtu wa kumla nyama?"

Nilidhani watu wataona aibu. Komenti zilikuja mbele ya macho yangu wakati bado anasema. "Kalishwa maneno." "Binti kamlipa." "Mzee kachanganyikiwa, maskini, tuzidi kumchangia." Na mmoja akaandika, "Ile ya kulia ilikuwa nzuri zaidi." Bahati alikuwa anaangalia kamera, hakuona.

Wengine walielewa. Hao wakakasirika na kudai warudishiwe pesa zao. Mkurugenzi alirudi jioni, akafuta laivu, akaiacha ile ya kwanza. Akaniambia nimewapokonya wazee chakula mdomoni, na sina hakika kama amekosea kabisa. Nikaiweka simu mezani nikaondoka. Sijui kesho nitakula nini, lakini leo nimeweza kunywa maji bila kusikia ile soda.

Mlezi ananiambia baba yako yupo salama. Ameacha kuongea na wageni. Wakija anafumba macho na kujifanya amekufa.

Msichana wa simu, asiye na simu

*

Tarehe 2 Aprili

Shikamoo Baba,

Kucha za miguu! Mbele ya dunia nzima! Nitaolewa lini sasa?

Niliiona kabla haijafutwa. Mpishi ndiye aliyekuja mbio kuniita, mwiko bado mkononi. Ulipoanza kupiga kelele nikajikuta nimekaa juu ya nondo, nacheka na kulia kwa pamoja, na sikuwa nimetiwa dawa yoyote.

Nilikudanganya kuhusu likizo. Niliona haya, Baba, siyo kwa sababu yako. Niliona haya kwamba watu ninaokula nao sahani moja walihitaji dakika moja tu kuamini kwamba mimi ni mnyama.

Sasa sikiliza. Nimepanga chumba karibu na kambi, kwenye kibanda cha matofali nyuma ya jiko la mpishi. Nimekuwekea taa ukutani: mtu akibonyeza mlangoni inawaka, kwa hiyo huwezi kulala chini tena jirani akigonga bure. Mpishi yupo mchana kutwa na anapenda kuongea. Wewe hutamsikia, mtaelewana. Jumamosi nakuja na lori la saruji. Funga sanduku lako.

Safari hii tukigombana, nitashinda mimi.

Cheche

*

Tarehe 21 Aprili

Binti wa simu,

Barua yako nimeipata kwa mikono ya dereva wa lori. Nimefurahi kusikia umepata kazi kwenye duka la kuchapisha vitabu vya shule. Huko angalau karatasi hazilii.

Unauliza tunaendeleaje. Nitakueleza bila kukata mwanzo wala mwisho.

Siku ya kuondoka, Mkurugenzi alitusubiri getini na mpiga picha. Alitaka "baba na binti wakikutana tena". Akanyoosha mikono atupange. Cheche alimtazama mama huyo kama anavyotazama chuma chenye kutu, kisha akapita. Mimi nilimwambia neno moja ambalo siandiki hapa kwa kuwa wewe ni binti mdogo. Nimesikia kuwa hata hiyo ameitumia, ameandika tumesameheana. Namwachia. Kuna uchafu ambao ukiuparua unazidi kukuingia kwenye kucha.

Jambo moja linaniudhi mpaka leo. Lile paa ni zuri. Mwalimu ameniandikia kwamba mvua zote hizi hajalowa hata soksi. Nimelala pale wiki kadhaa, mkavu, chini ya vigae vilivyonunuliwa kwa kumtukana mwanangu, na usingizi ulikuja. Nimeona nikuambie, kwa sababu najua nawe unalala na kitu cha namna hiyo.

Hapa kambini mambo yalikuwa magumu siku za mwanzo. Nilipofika, walewale waliokataa kukaa meza moja na Cheche wakaanza kunigombania. Huyu ananiletea kiti, huyu ananimiminia uji, wote wananichekea meno thelathini na mawili. Yeye wanampita kama nguzo. Nikakataa viti vyao, nikala nimesimama kando yake.

Juzi akaja yule mshika kamba. Nilimjua kwa mdomo, maana muda wote unacheza, anaimba hata akitembea. Alikuja na simu. Akachukua ubao wangu akaandika: "Mzee, nimeona nilikosea. Tupige picha sisi watatu, niiposti, watu wajue yamekwisha." Akainua simu juu, akaweka mkono begani kwangu, tabasamu tayari usoni. Cheche alikuwa amesimama pale na glavu zake, amekuwa mgumu kama nondo.

Nikautoa mkono wake begani. Nikachukua ile simu, nikaitia mfukoni mwa koti langu. Nikamwambia, "Kijana, mbona unaniandikia mimi? Kiziwi ni mimi. Huyu anasikia. Mwambie kwa mdomo."

Tabasamu likamtoka. Akatazama huku na huku, wenzake wako mbali, hakuna wa kumwona. Akatazama mto, halafu akaacha kuutazama. Mdomo wake ukaanza kutembea, safari hii si wimbo. Alisema kitu kirefu. Katikati alikwama, akafuta pua kwa mkono, akaendelea. Cheche hakumsaidia. Alisimama tu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa barakoa yake.

Nikamrudishia simu akaenda nayo bila kuiangalia.

Nilimuuliza mwanangu, "Amesemaje?" Nikampa ubao na chaki. Akaandika: "Hayakuhusu, Baba," akapangusa, akaondoka.

Leo msimamizi amemrudisha juu ya daraja. Namwona kutoka hapa nilipoketi, cheche zinamwagika mpaka majini. Kamba yake inashikwa na yule kijana, na haimbi.

Mimi,
Mzee aliyekuwa wa kitanda cha dirishani